Santuri ya Kikohozi

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na mengine nitayapamba mpaka kosa lisionekane. Niliandika neno moja katika safu ya saba ya fomu ya kampuni, na kwa ajili ya neno hilo santuri ya mwanamke mmoja wa mtaa wa Gerezani ikafutwa. Hakuna aliyenilazimisha. Mwenye duka alikuwa amekwisha kuniambia safu ile niiache tupu.

Nilikuwa karani wa duka la gramafoni nyuma ya soko la Kariakoo, upande wanakoshushia nazi. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kishihiri. Baba yake alitoka Hadhramauti akauza kahawa kwa kutembea na dele, birika la shaba. Yeye akafungua duka la saa na mafuta ya cherehani, na gramafoni zilipoingia mjini akawa wakala wa kampuni moja ya Ulaya. Mtaa mzima tulimwita Ami. Alisoma herufi za Kiarabu tu, na barua za kampuni zilikuja kwa Kiingereza. Ndiyo sababu alinihitaji.

Mimi nami Kiingereza sikufundishwa na mtu. Nilihitimu chuo cha Kurani, nikaishia hapo. Herufi za Kizungu nilizifuata kwa kidole juu ya masanduku ya bandarini, alikokuwa akibeba mizigo baba yangu, kisha juu ya magazeti yaliyofungiwa samaki Feri, kisha katika kamusi niliyoipata bila kurasa za mwanzo. Mtu aliyejifunza namna hiyo hukaa na hofu moja maisha yake yote: kwamba kuna siku wenzake walifundishwa jambo fulani, na yeye siku hiyo hakuwapo. Basi kila barua niliiandika mara tatu. Ya kwanza kwa penseli, ya pili kwa wino, ya tatu kwa sababu ya pili ilikuwa na doa. Nilikuwa nachoka kabla ya adhuhuri, na uchovu huo niliuona kuwa ni uaminifu.

Katikati ya kila santuri yetu palikuwa na karatasi ya duara yenye picha ya ngamia, na hilo ndilo lililokuwa jina la kampuni kwa wateja. Walisema nipe Ngamia mpya, Ngamia ya mwezi uliopita. Ng'ambo ya mtaa palikuwa na duka la Mhindi mmoja, mtu mnene mwenye masikhara, ambaye aliuza santuri zenye picha ya mnara. Kazi yetu ilikuwa kushindana. Asubuhi tukifungua milango, yeye hugeuza pembe la gramafoni yake kutuelekea, nasi hugeuza letu kumwelekea, na wapitao katikati husikia nyimbo mbili zikipigana kama paka.

"Karani!" ataniita kutoka kizingitini kwake. "Ngamia wako leo ana mafua?"

Nami nitamjibu kwamba afadhali mafua kuliko mnara usio na mwadhini. Hayo yalikuwa maneno ya Ami. Mimi sikuwa na ulimi wa papo kwa papo. Niliyakariri kwanza.

Historia ya kampuni niliisoma katika vichwa vya barua. Ami alizihifadhi zote katika sanduku la bati, tangu ile ya kwanza, na siku za mvua nilizipanga. Ya kwanza chini ya jina la kampuni ilikuwa na miji tisa, kila mji una ofisi yake. Baada ya miaka michache miji ikawa saba, kisha mitano. Jina nalo likawa linarefuka: likaongezewa neno, likaongezewa jina la mtu, likaongezewa "na wenzake". Nikaona kwamba kadiri miji ilivyopungua, ndivyo jina lilivyozidi kuwa refu. Wakati ule bei ya mkonge ilikuwa imeanguka na watu wa mashamba hawakuja tena mjini kununua gramafoni, lakini sikudhani kwamba na huko Ulaya kuna aliyekuwa akipunguza miji kwa kalamu.

Jambo jingine niliona. Kila santuri, karibu na karatasi ya katikati, ina nambari ndogo iliyokwaruzwa kwa mkono. Nambari za Ngamia zilikwaruzwa na mtu anayeandika saba kwa kuipitishia mstari tumboni. Siku moja mteja aliacha Mnara yake kaunta akaenda kununua muhogo, nikaitazama kwa kioo cha kutengenezea saa. Saba ileile, mstari uleule. Nikamwambia Ami kwamba santuri zetu na za jirani zinatoka katika mkono mmoja.

Akaendelea kufuta saa yake. "Wakubwa hula sahani moja, mwanangu. Sisi ndio tunaogombea makombo. Usimwambie yule wa ng'ambo, atakosa la kusema asubuhi."

Mwanamke wa Gerezani alikuja dukani kwa mara ya kwanza siku ya Jumamosi. Alikuwa mtu wa makamo, amejitanda kanga, na mkononi ana kifurushi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakifungua kifurushi kaunta. Vilikuwa vipande vitano vya santuri nyeusi, ngamia amekatika shingo.

"Mtoto wa jirani ameikalia, siku ya harusi," alisema. "Nataka nyingine. Ile ya kikohozi."

Hakuwa na haja ya kutaja nambari. Santuri hiyo ilijulikana mji mzima. Miaka michache nyuma kampuni ilikuwa imewapakia waimbaji wa pwani melini mpaka Bombay, wakaimba ndani ya chumba chenye mapazia, na mmoja wao alikuwa yeye. Katika wimbo wake, baada ya beti ya nne, fidla inapokaribia kurudi, mtu anakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu, cha mwanamume, kisha fidla inaingia bila kuchelewa. Watu walikipenda kuliko beti zenyewe. Harusini wanawake walingoja mahali hapo, na kikohozi kilipofika walikohoa wote kwa pamoja, ukumbi mzima, kisha wakacheka mpaka wakakosa beti ya tano. Kwenye magenge ya kahawa wanaume nao hivyohivyo. Mimi sikuwahi kukohoa. Niliona haya kwa niaba ya mkohoaji.

Siku hiyo ndiyo nilijua mkohoaji ni nani. Alikuwa mumewe, mpiga fidla. Alinieleza huku akivipanga vipande kaunta kama anayetaka vijiunge. Mzungu wa mitambo alikuwa ameinua mkono wasimame, wakaendelea mpaka mwisho; alipotaka warudie, mumewe akamwambia, kwa mkalimani, kwamba hawezi kurudia, pumzi imekwisha. Nta ya kunasia sauti ya siku ile nayo ilikuwa imekwisha. Wakaichukua kama ilivyo. Mwaka uliofuata mume akafa kwa kifua, hapahapa, na picha hakuwahi kupigwa.

"Fidla yake niliiuza," alisema. "Nguo wamegawana ndugu zake. Amebaki mle."

Nilikwenda rafuni. Ilikuwepo moja tu, ya mwisho sandukuni. Niliitazama mwangani kama ilivyokuwa desturi yangu, nikaona mkwaruzo ukingoni, mfupi kama unywele wa kope. Na hapa nakiri kosa la kwanza, lililozaa la pili. Nilimwambia hii haifai, ina mkwaruzo, nitamwagizia nyingine safi kutoka kiwandani, itakuja na shehena ijayo.

"Nipe hiyohiyo."

"La, mama. Ungoje kidogo tu. Itakuja safi kabisa."

Alinitazama, akatazama santuri, akaona pengine kwamba mtu anayejali mkwaruzo wa namna ile ni mtu wa kuaminiwa. Akafunga vipande vyake akaondoka. Tangu siku hiyo alipita kila baada ya siku chache akienda sokoni, anasimama mlangoni, ananyanyua nyusi tu. Nami natikisa kichwa: bado.

Shehena haikuja. Ilikuja barua, na kichwa chake sikukitambua. Jina lilikuwa limemeza mistari miwili, na chini yake ulibaki mji mmoja tu. Niliisoma mara nne kabla ya kumfasiria Ami. Ngamia na Mnara zimeungana. Zamani zilikuwa kampuni mbili, sasa ni moja, na mawakala wote wawili mtaani kwetu wataendelea kuuza bidhaa za kampuni mpya kwa amani.

Mhindi alikuwa amepata barua kama yetu. Alivuka mtaa, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, akaketi kwenye kiti cha wateja na kuomba kahawa.

"Basi tumeoana," akamwambia Ami. "Mimi na wewe tulikuwa tunatukanana barazani, kumbe wazazi wamekwisha kula pilau."

"Na mahari amekula nani?"

"Hayo usiniulize mimi. Mimi bibi harusi, nimefunikwa uso."

Walicheka, lakini kicheko cha Ami hakikufika mbali. Pamoja na barua ilikuja fomu, karatasi kubwa yenye safu tisa. Kampuni mpya ilikuwa na nyimbo nyingi kuliko ilivyotaka. Kila santuri ya lugha yetu inapigwa kutoka kalibu ya shaba iliyowekwa kiwandani huko Hindi, na nusu ya kalibu zitayeyushwa. Wakala aandike kila santuri aliyonayo: nambari, mwimbaji, aina ya wimbo, inauzwa vizuri au vibaya, na mengineyo. Safu ya saba iliuliza kasoro za sauti, kama zipo, na zinatokea mahali gani.

Ami alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza safu ya saba inasemaje tena. Nikarudia.

"Hiyo iache tupu. Zote."

Nikamwambia kwamba wameuliza.

"Anayeuza hatafuti kasoro ya mali yake, mwanangu. Anayenunua ndiye huitafuta, na wanunuzi wetu hawajaiona. Iache."

Nilisema ndiyo, Ami. Na wakati naitikia nilikuwa najua kwamba sitaiacha. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na picha kichwani ya mtu fulani katika mji ule mmoja uliobaki, mtu aliyesoma shule, anaifungua fomu yetu na kuona safu nzima tupu, akasema: karani huyu hajui kujaza fomu. Picha hiyo ilinitia joto la uso. Sikumjua mtu huyo. Hata sasa sijui kama alikuwako.

Basi ikawa kila siku saa saba mchana, Ami akifunga milango na kwenda kulala, mimi nabaki dukani nasikiliza. Santuri zilikuwa mia na kitu, pande mbili kila moja. Ndani mlikuwa na giza na joto, na harufu ya mafuta ya cherehani. Nilisikiliza taarabu, kasida, mashairi ya utani, nyimbo za ngoma, mpaka zote zikawa kelele moja. Nyingi sikuzikuta na ila yoyote, na pengine uchovu ndio ulioniziba masikio. Mahali pengine palikuwa na kiti kilichosogezwa, au mlango. Hayo niliyapima nikaona ni madogo, nikayaacha. Ile ya kikohozi sikuweza kuiacha. Kikohozi si kiti.

Fomu ilitaka mahali kinapotokea. Niliazima saa ya mfukoni ya Ami yenye mkono wa sekunde, nikaweka sindano, nikahesabu. Dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Ili kuhakikisha nikarudia. Hamsini na tano. Nikarudia tena: hamsini na moja. Gramafoni za kuzungushwa kwa mkono haziendi sawa. Springi ikiwa imekaza huenda mbio, ikilegea huvuta. Hilo nilikuwa nalijua, lakini nilitaka jawabu moja. Nikawa nakaza springi kwa idadi ileile ya mizunguko, nangoja ipoe, narudia. Kila mara nilitia alama ya penseli kwenye karatasi. Siku tatu nilifanya hivyo.

Sindano za chuma huwekwa moja kwa kusikiliza mara moja. Imeandikwa juu ya kila kikopo, kwa lugha nne, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria wateja. Lakini kikopo kilikuwa kinakaribia kwisha, na sindano moja niliitumia mara tatu, mara nne. Sindano iliyokwisha kuliwa ncha haifuati tena njia ya santuri, inailima. Nilisikia sauti ya mama yule ikianza kukauka, kama mtu anayeimba nyuma ya mvua, nikadhani ni masikio yangu yamechoka. Alama zilipofika thelathini na moja niliacha, nikachukua wastani.

Mbele ya nambari yake, katika safu ya nne, niliandika: inauzwa vizuri sana. Katika safu ya saba niliandika: kikohozi, dakika moja na sekunde hamsini na tatu. Nilikaa muda mrefu nikitazama maneno hayo. Nilitaka kuongeza kwamba inauzwa vizuri kwa sababu ya kikohozi, kwamba watu wanakohoa nacho harusini. Lakini hapakuwa na safu ya kuandika kwa nini watu wanapenda kitu, na kuandika pembeni mwa fomu niliona ni uchafu. Nilinakili fomu upya kwa sababu ya doa, nikaipeleka Posta mwenyewe kwa miguu, kupitia Mnazi Mmoja kwenye jua, nikiwa nimeishika kwa mikono miwili isikunjike. Ami aliuliza kama ile safu niliiacha. Nilisema ndiyo. Huo ndio uongo wangu wa pekee katika kazi ile, na nilimwambia mtu ambaye hangeweza kuisoma fomu.

Mama wa Gerezani aliendelea kupita. Nilitikisa kichwa: bado. Safari moja alisimama akauliza kama ile yenye mkwaruzo bado ipo, maana amechoka kungoja na mkwaruzo haumsumbui. Nilimwambia hiyo sasa ni ya mfano, kampuni imekataza kuuza mpaka orodha irudi. Ilikuwa kweli, karibu. Iliyokuwa kweli zaidi ni kwamba niliogopa aisikie.

Orodha ilirudi baada ya kaskazi kwisha. Ilikuwa fomu yangu mwenyewe, ile niliyoinakili kwa usafi, na juu yake mtu alikuwa amepitisha kalamu nyekundu. Aliyeipitisha hakuwa amehangaika. Zilizouzwa vibaya alizifuta zote. Kati ya zilizouzwa vizuri alifuta moja tu, na mstari ulianzia safu ya kwanza ukasimama juu ya neno nililoliandika, akaliwekea duara. Barua ilisema kalibu za nambari zilizofutwa zimekwisha kuondolewa, na akiba yoyote ya santuri hizo irudishwe kwa meli isagwe, lakiri iliyotengenezewa santuri itumike tena.

Nilimsomea Ami nambari zilizobaki, kisha zilizofutwa. Nilipofika kwenye ile nilisoma haraka. Hakuwa mtu wa kupitwa.

"Ile? Ile ya kikohozi? Hiyo imewakosea nini?"

Wakati nikitafuta jawabu Mhindi akaingia na karatasi yake. Siku hizo alikuwa akivuka kila asubuhi. Alikuwa na furaha: katika Mnara zake kuna wimbo wa msondo ambao mbwa anabweka mwanzo mpaka mwisho, na umepita. Kuna mwingine mpiga udi anamtukana mwenzake, matusi ya nguoni, yanasikika wazi, na umepita.

"Wewe uliandika nini safu ya saba?" nilimuuliza.

"Safu ya saba ipi?" Akaifunua fomu yake, akaitafuta kwa kidole. "Ah, hii. Mimi nilidhani wameacha nafasi ya kuwekea kikombe."

Na kweli palikuwa na alama ya kikombe. Ami alinitazama, akaniangalia vizuri, kama anavyoangalia saa iliyosimama kabla ya kuifungua. Mhindi alipoondoka nilimwambia yote: neno, duara, siku tatu za mchana, sindano. Nilitaka anifukuze. Kufukuzwa kungenipumzisha.

"Mimi hukunikosea," alisema mwishoni. "Mimi nitauza nyingine. Nenda kamwambie mwenyewe."

"Na ile iliyobaki? Wanataka zirudishwe."

"Hesabu ulizowapelekea zilikuwa za kuuza. Hiyo ulisema ya mfano. Mfano si akiba. Ichukue umpelekee."

Sikwenda siku hiyo. Nilichukua siku nne nikipanga maneno, na katika siku hizo nilifanya jambo moja lenye maana. Katika sanduku la Ami palikuwa na orodha ya zamani ya bidhaa, ya wakati wa miji tisa, na humo niliwahi kusoma juu ya sindano zilizochongwa kwa mwanzi. Hazitoi sauti kubwa, ndiyo sababu dukani hazikupata mnunuzi, lakini haziilimi santuri; mwanzi ndio unaoliwa badala yake. Nilikwenda kwa wasusi wa matenga sokoni nikaomba mabaki ya mianzi. Nilichonga kwa wembe sindano kumi na mbili. Nilitupa saba. Tano zilinyooka.

Siku ya tano baada ya alasiri nilibeba gramafoni ndogo ya sanduku begani na santuri chini ya kwapa, nikaenda Gerezani. Nilimkuta uani kwake na majirani wawili wanasuka ukili. Alipoona santuri alisimama, ukili ukamponyoka. Nikaona kwamba nikimwacha afurahi hata kwa dakika moja, sitaweza tena kusema.

"Mama, ni mimi niliyeifuta," nilisema. Nilikuwa sijaweka chini gramafoni. "Walitaka kujua kasoro. Nikawaandikia kikohozi. Wameyeyusha kalibu, hazitatoka tena. Na hii nayo nimeiharibu kwa kuisikiliza. Ilikuwa nzima siku ile uliyoniomba."

Majirani waliacha kusuka. Yeye aliketi taratibu.

"Uliisikiliza mara ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Kwa ajili ya nini?"

Nilimweleza habari ya sekunde. Nilipokuwa naieleza niliisikia ilivyo, kwa mara ya kwanza, kwa masikio ya mtu mwingine. Jirani mmoja alitazama pembeni. Mama aliinyoosha kanga magotini, akainyoosha tena.

"Basi umemsikiliza kuliko mimi," alisema. "Mimi yangu nilikuwa naiweka kwa harusi za watu. Niliona haya kukaa peke yangu namsikiliza mume akikohoa." Kisha akasema, "Weka."

Niliweka sindano ya mwanzi. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi majirani wasogeze majamvi. Beti ya kwanza ilikuwa mchanga mtupu, na sauti yake chini ya mchanga, ikipanda na kuzama. Beti ya pili hivyohivyo. Nilimtazama usoni nikitafuta hukumu yangu; hakunitazama. Alikuwa anahesabu beti kwa vidole. Baada ya beti ya nne mchanga ulitulia kidogo, sijui kwa nini, nami ndiye niliyepaswa kujua, na kikohozi kikatoka wazi kama mtu aliyesimama mlangoni anataka kukaribishwa. Majirani wakakohoa papo hapo, wote wawili, kwa mazoea, kisha wakaziba midomo kwa aibu.

Yeye alinyanyua mkono. "Rudisha hapo nyuma kidogo."

Nikarudisha.

"Na wewe leo kohoa."

Nilisema mimi huwa sikohoi.

"Umemhesabia sekunde siku tatu. Kohoa."

Wimbo ukaenda. Nilikuwa najua mahali pale kuliko mtu yeyote duniani. Ningeweza kupaelekeza kwa saa. Kikohozi kikaja, majirani wakakohoa, yeye akakohoa nao, na mimi nilikuwa bado najiandaa. Changu kilitoka fidla imekwisha kuingia, peke yake, katikati ya beti ya tano. Jirani mmoja akaanguka kwa kicheko juu ya jamvi. Mama naye alicheka, kisha machozi yakamtoka bila kuacha kucheka, akayafuta kwa ncha ya kanga.

"Umechelewa," alisema. "Yeye hakuchelewa hata kwa kifua kile."

Hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Aliifunga santuri katika kanga, akaiweka ndani juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hafiki. Sindano akazihesabu: moja imeliwa, zimebaki nne. Gramafoni hana, alisema, basi niwe nakuja na ile ya sanduku, mara moja kwa mwezi, isizidi, ili mumewe aishi.

Ninakwenda. Dukani sasa barua zinakuja na kichwa kingine tena; jina limefupishwa, na mji ule mmoja nao umebadilishwa. Fomu bado huja, safu ya saba huiacha tupu. Kwa wasusi wa matenga wamenizoea. Nachonga kumi na mbili, natupa saba.